Neno Nililolisema Mbele ya Mama Mkwe Wako

Dada Kabula,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia leo, lakini nakuamkia vilevile. Hali yako? Mgongo uliokusumbua wakati wa ujauzito umepoa? Mtoto ananyonya vizuri sasa? Mama aliniambia anachoka haraka akiwa kwenye titi, na tangu hapo sina raha. Mimi huku Denmaki ni mzima wa mwili. Baridi imeanza, nikitoka kazini jua limeshazama. Ugali napika mwenyewe, unga naupata duka la Mkongo mmoja karibu na stesheni. Sina la kulalamikia.

Nimekupigia mara nyingi hupokei. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, nami nisingepokea. Ndiyo maana nimekaa nikaandika kwa mkono. Barua nampa Koku, yule dada wa Bukoba ninayesoma naye huku. Anashukia Mwanza, na ameahidi kuifikisha Usagara kwa wazazi wetu kabla hajapanda meli kwenda kwao.

Nianzie pale nilipoharibu. Shemeji Masanja aliponipigia, mtoto alikuwa na wiki chache tu, na daktari alikuwa amewaambia ana hali ya Down, kwamba ana kromosomu moja ya ziada. Mkataka niwaeleze kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nachunguza hamira, hii hii ya maandazi, nijue seli yake inapogawanyika kuwa mbili inagawaje kromosomu bila kupunja upande. Nilikuwa maabara, glovu mkononi, nina haraka. Na niseme ukweli, nilifurahi kuulizwa. Nilijiona mtu. Nikasema, na maneno yenyewe nayakumbuka: "Mara nyingi kosa linakuwa kwa mama, kwenye yai. Hasa umri ukiwa umekwenda."

Sikujua kwamba simu iko kwenye spika na mama mkwe wako amekaa pale pale.

"Tumesikia," akasema. "Na aliyesema ni ndugu yake mwenyewe."

Ningeweza kusahihisha palepale. Badala yake nilimwamkia, akaitikia, nikaaga, nikarudi kwenye hadubini yangu.

Huku neno hilo ni la kila siku. Seli ikigawa vibaya tunasema pametokea kosa, kama vile cherehani ikiruka mshono. Hakuna anayeuliza nani kakosa. Nilitaka kukuambia nilisahau kwamba nyumbani, mbele ya wakwe, kosa lazima liwe na mkosaji. Lakini hapo nitakuwa najitetea, dada. Nimezaliwa Mwanza. Nilijua.

Baadaye mama akanipigia kuniambia uko Usagara, umekuja na mtoto na begi moja, na siku yake ya kliniki ya moyo imepita hukumpeleka.

"Kwani kafukuzwa?" nikamuuliza.

"Hakufukuzwa. Kila asubuhi alikuwa anaambiwa kosa ni lake, mpaka akaondoka mwenyewe."

"Nani anayesema hivyo?"

"Wanasema umesema wewe."

Siku ile sikufanya kazi tena. Niliiacha hamira kwenye joto la mashine mpaka ikafa yote. Profesa wangu aliponiuliza nina nini, nikamwambia naumwa.

Sasa nikueleze kama nilivyopaswa. Kabla seli haijagawanyika, kila kromosomu inajinakili, zinakuwa mbili zinazofanana. Kuna protini iliyo kama pete, inazifunga zile mbili pamoja zisiachane kabla ya wakati. Wakati ukifika, protini nyingine inazikata pete, na nyuzi zinavuta kutoka pande mbili, moja inakwenda huku, nyingine kule. Pete ikilegea mapema, au ikigoma kukatika, upande mmoja unaweza kupata mbili na mwingine ukakosa. Hata hamira nzima, iliyolishwa sukari vizuri, mara mojamoja inapatwa na hilo. Hakuna aliyeifanya kitu. Miaka yote hii naangalia, sijamwona mkosaji.

Na mayai yako hayakutengenezwa juzi. Yalitengenezwa ukiwa bado tumboni mwa mama yetu. Mle namo mna pete kama hizo, na zilifungwa wakati ule. Zimeshikilia ukiwa shule, ukiolewa, ukizaa wale wawili wa kwanza. Zaidi ya miaka arobaini zimeshikilia. Zinachoka, dada, basi. Hakuna ulichokula wala mzigo uliobeba ambao ulizilegeza. Haya yote niliyajua siku ile ya simu. Dakika tano zingetosha kuyasema.

Nilimpigia shemeji akiwa sokoni Mwaloni, nasikia vijana wanapakia magunia ya dagaa.

"Shemeji, kwa nini ulinyamaza mke wako akisemwa?"

"Msomi ulishasema. Mimi muuza dagaa ningesema nini?"

Nikamwambia, "Nilisema vibaya. Ukifika nyumbani nipe mama yako niongee naye."

Jioni akanipa. Mama mkwe wako alinisikiliza mpaka mwisho, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema, "Mwanangu, juzi ulisema kosa la mama. Leo unasema hakuna kosa. Kesho utatuambia nini?"

"Mama, aliyekosa ni mimi. Kama unatafuta wa kumlaumu, nilaumu mimi."

"Haya," akasema, na akarudisha simu kwa mwanawe. Kama aliamini, sijui.

Nasikia Masanja alikufuata Usagara, akambeba mtoto mwenyewe mpaka hospitali. Mama kaniambia wameona kitundu kidogo kwenye moyo, na daktari anataka kukiangalia kila baada ya muda. Nakuomba, hata kama hutaki kunisikia kwa lingine lolote, kliniki usiache tena. Mama kaniambia pia ulivyomjibu shemeji alipokubembeleza mrudi kwake Kirumba: "Nyumba ambayo mwanangu anaitwa kosa, sirudi." Sikushauri urudi wala usirudi. Nilishasema vya kutosha kuhusu nyumba yako.

Limebaki moja, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Siku ile ya simu niliuliza mambo mengi. Niliuliza macho yake yakoje, shingo inalegea kiasi gani, kiganjani kuna mstari mmoja au miwili. Juzi mama akawa anasimulia, "Milembe leo kacheka." Nikamuuliza, "Milembe ni nani?"

"Mtoto wa dada yako," akasema mama. Jina lake sikuwa nimeliuliza hata siku moja.

Likizo nitakuja nyumbani. Sikuombi unipokee kwa vigelegele. Naomba tu nimpakate, na uniambie alicheka nini.

Niamkie baba na mama. Msalimie shangazi anayekusaidia kufua, na wale wanao wawili wakija kukuona Jumamosi. Shemeji naye msalimie, kama mnaongea. Mama mkwe wako usihangaike kumfikishia salamu zangu. Nitakwenda kumwamkia mwenyewe, ana kwa ana.

Ni mimi mdogo wako,
mjomba wa Milembe,

Shija