Mama Hatakwenda Praha

Tunduma,
Jumatano.

Dada yangu mpendwa Atuganile,

Pokea salamu za mdogo wako Nesta, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji Wiliam na watoto wote. Vipi mvua za huko Isongole, na vipi lile goti lako? Mimi ni mzima wa mwili. Kazi za ofisi ya mizigo zinaendelea, malori yamejaa mpaka kule juu, na vumbi hatuna tena habari nalo. Mama pale Nanyala ni mzima. Amekwisha kuvuna maharage na anakusalimu sana.

Najua utashangaa kuniona naandika wakati simu zipo. Simu yako, dada, mara nyingi anaipokea shemeji, na shemeji siku hizi anaongea na kaka Gasper karibu kila siku. Ndiyo maana nimempa Ezron barua hii, yule anayeleta bidhaa huko kwenu, na nimemwambia aiweke mkononi mwako wewe, asimwachie mtu mwingine.

Habari yenyewe ni ile safari ya Praha. Wewe uliisikia juu juu tu. Gasper alitangaza kwamba biashara ya spea imemwendea vizuri na sasa anataka kuipeleka familia Ulaya, siku chache tu, watembee, wapige picha, warudi. Shemeji Judith ndiye aliyechagua mji, kwa sababu aliona picha za daraja lenye masanamu kila upande na mto chini yake. Wangeenda wao wawili, watoto wao wawili, mimi, na mama. Mimi nilipewa kazi ya kupanga kila kitu, maana ndimi ninayeshinda kwenye kompyuta nikijaza fomu za forodha. Nilifurahi, sikufichi.

Lakini aliyefurahi kupita wote ni mama. Aliposikia jina la Praha aliacha kupepeta maharage akaniuliza kama ndiyo ile ile ya Yohana Hus. Unakumbuka jinsi alivyokuwa akitusimulia habari zake, alizozipata tangu darasa la kipaimara, kwamba alihubiri kwa lugha ya watu wake mwenyewe mpaka wakamchoma moto? Kumbe miaka yote hii amekuwa akilifikiria kanisa alimohubiri. Nilimtafutia picha ya kanisa hilo kwenye simu. Akaishika simu kwa mikono miwili, akasema kwamba akifika atasimama tu mlangoni, hata wakimkataza kuingia. Jumapili iliyofuata akina mama wote wa kwaya walikuwa wanajua.

Basi tukaanza vikao vya kupanga, sebuleni kwa Gasper. Dada, mambo niliyoyaona kwenye vikao vile bado yananichefua ninapoandika. Judith alimkalisha mama mezani amfundishe kula kwa kisu na uma. Mama akijitahidi, nyama ikiruka, Judith anacheka na kumwonyesha Gasper, naye Gasper anacheka. Akamwambia asije akacheua mbele ya wazungu. Akamwambia nguo zake zote zinanuka moshi, kwa hiyo asibebe hata moja. Siku moja alichukua manukato akampulizia shingoni bila kumwomba, kama mtu anayepulizia dawa ya mbu chumbani. Mama alifumba macho, akakohoa, akasema asante. Yule ni mama yetu, dada, aliyeuza kahawa yake kumsomesha huyo Gasper.

Hata hivyo nilijiambia kwamba ni maneno ya wanawake wa mjini, yatapita, muhimu mama afike. Kisha ikaja siku ya kupanga ratiba. Nilikuwa nimepanga siku ya kwanza daraja, ya pili mashua, ya tatu lile kanisa na ule uwanja wenye sanamu ya Hus. Judith alikaa kando yangu akaanza kuniambia niondoe. Kwenye mashua niondoe jina la mama, kwenye mnara niondoe, kwenye chakula cha mgahawa niondoe. Nikamuuliza mama atakuwa wapi muda huo. Akajibu kwa upole kabisa kwamba atakuwa hotelini na watoto. Brayan bado ananyonya chupa na dada yake anasumbua kwenye baridi, na wao hawawezi kusafiri mpaka Ulaya ili wakabebe watoto mgongoni.

Niligeuka kwa Gasper nikidhani atamkemea mkewe. Akasema yaya wa kule analipwa kwa saa, na mama ni mzoefu. Nikamwuliza habari ya kanisa. Akasema lile ni jengo tupu, hata mahubiri hayaeleweki, picha zake mama ameshaziona kwenye simu yangu. Halafu akarudi kwenye mpira aliokuwa anautazama kwenye televisheni.

Nilihisi kama nimemeza kitu kilichooza. Si kwamba mama angelea wajukuu. Mama amelea wajukuu maisha yake yote wala hajalalamika. Kilichonitia kinyaa ni kwamba walikuwa wanamwacha afurahi. Walimwacha aage watu, walimwacha afunge safari moyoni, huku wakijua kwamba Praha atakayoiona ni ukuta wa chumba.

Nilikwenda Nanyala nikamweleza. Tulikuwa tunaanua kahawa kabla ya mvua. Aliendelea kukunja turubai, akaniuliza kama nimekula. Nikadhani hakunielewa, au hakutaka kuelewa, na sikuwa na moyo wa kurudia.

Jumamosi ile Gasper alifanya ibada ya kuombea safari, pale pale nyumbani kwa mama. Alileta viti, alileta mchele na nyama, akamwalika Mchungaji na kwaya na majirani mpaka wa Ihanda. Judith alivaa kitambaa cha rangi moja na watoto. Baada ya neno, Mchungaji akamwomba mama asimame amshukuru mwanawe. Mama akasimama, akajifunga khanga vizuri, akamshukuru Mungu, akamshukuru Gasper kwa kumkumbuka. Kisha akamgeukia na kumwambia:

“Gasper mwanangu, wewe na mwenzako mmeshapanga kila siku mtakwenda wapi. Naomba uniambie hapa mbele ya Mchungaji. Huko Praha, mimi nitatoka siku gani?”

Gasper akacheka kidogo, akasema hayo watayaangalia wakifika. Mama hakukaa. Akamwuliza wakati wenzake wametoka, yeye atakuwa ndani na nani. Hata waliokuwa jikoni walisogea. Gasper akatazama chini, akasema, “Na watoto, mama.”

“Basi hao watoto niletee hapa,” mama akasema. “Hapa nitawalea, na jua wataliona. Mimi siendi.”

Akakaa. Mchungaji akakohoa, akaanzisha wimbo, na kwaya wakaimba kama watu wanaokimbia mvua. Chakula kililiwa macho yakiwa kwenye sahani. Judith aliondoka kabla ya chai.

Tangu siku hiyo Gasper hakunisemesha, na nilijua kwa nini. Nikawaza kwamba pengine ameona aibu, na aibu ingemsaidia. Dada, nilikuwa nakosea. Jumatatu iliyopita aliniita dukani. Alinipokea kwa soda baridi na kiti kilichopanguswa, akaanza kuongea kwa sauti ile anayowaongelea wateja wakubwa kutoka Zambia. Akasema yaliyopita yamepita, na kwamba nafasi ya mama haiwezi kubaki wazi. Ndipo akalitaja jina la Fausta.

Ndiyo, Fausta wako. Akasema ni msichana, ana nguvu, amemaliza kidato cha nne yuko nyumbani tu, na Kiingereza anakijua. Akaniagiza nikupigie simu kwa furaha, nikuambie mjomba wake amemchagua katika watoto wote wa ukoo aende kuiona Ulaya. Nikamwuliza kama Fausta ataambiwa kwamba anakwenda kulea. Akasema, “Asiambiwe kwanza. Akifika kule atakwenda wapi?”

Aliyasema hayo huku anahesabu boliti. Nilimtazama mikono yake, ile mikono inayofanana na ya marehemu baba. Nimekaa na madereva, nimekaa na watu wa mpakani wa kila aina, lakini sijawahi kusikia neno lililonichukiza kama lile, na limetoka kwa mtu tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Akamalizia kwa kusema kwamba shemeji Wiliam ameshakubali, kilichobaki ni wewe, na kwamba wewe unanisikiliza mimi. Nafasi yangu mimi, akasema, ipo nikifanikisha hilo.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimjibu kwamba nitakupigia. Nilikunywa ile soda nikaimaliza. Na nilipofika nyumbani nililitazama tena lile daraja kwenye simu, nikajiona nimesimama pale, nikawaza kwamba Fausta ni kijana, baridi haitamdhuru, na kulea watoto siku chache si kifo. Niliwaza hivyo siku nzima, dada. Bado natamani kwenda, hata sasa. Kinyaa nilichokuwa namwonea Gasper kimehamia kwangu, na ndicho kilichonikalisha niandike.

Gasper atakuja kwenu Jumapili hii baada ya ibada, na zawadi, na Judith atakuwa mpole kuliko unavyomjua. Sikuambii umfukuze. Fausta si mtoto mchanga. Mpe barua hii aisome mwenyewe, yote, pamoja na hapo nilipojiandika mimi. Akitaka kwenda kuwatunza watoto wa mjomba wake, aende anajua, na aseme mbele ya baba yake anachotaka apewe kwa kazi hiyo. Asipotaka, wewe ni mama yake, utajua la kusema.

Mimi simu sitapiga. Gasper akiniuliza nitamwambia kwamba nimekuandikia, na nimekuandikia nini.

Wasalimie watoto wote kwa majina yao, na mama mkwe wako umwambie dawa yake nitaituma kwa Ezron safari ijayo. Mama anasema ukija uje na mbegu za yale maharage mekundu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Nesta.