Kinanda Nilichomnyima Shivachi

Mpendwa Muhonja,

Hapa Shieywe sisi ni wazima, ila magoti ya nyanya yako yanamsumbua. Uliniuliza kwa nini siuzi kile kinanda cha zamani cha transista, na pia sikipigi.

Nilikipiga ujanani katika bendi yetu. Mwimbaji alikuwa mdogo wangu, Shivachi. Tuligombania uongozi, akajitoa. Alipokaribia kuoa alinijia mwenyewe, akasema, "Kaka, nipigie hata wimbo mmoja arusini."

Nilimjibu kwamba kinanda kimeharibika, na kilikuwa kizima kabisa.

Hata miezi miwili haikuisha, trekta la miwa likapinduka na kumuua. Siku ya mazishi nilikiunganisha na jenereta, nikapiga nyimbo zake zote. Mama alinisogelea, akaniuliza polepole, "Kumbe kilipona?"

Nilikizima, na sijakigusa tena. Kukiuza nako nitamwambia mnunuzi nini, kwamba ni kizima?

Dada yako Khasandi anasema hupokei simu zake tangu Pasaka. Simjui mwenye makosa, wala sikulaumu. Atakuwa hapa kwetu hadi Jumapili.

Ni mimi babu yako, ninayekuwaza.