Swali la Binti wa Mfalme Mkimbizi

Louisville, Kentucky
Agosti 2015

Mama yangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe na wote wanaolala chini ya paa lako. Magoti yako yanaendeleaje? Na vumbi la kiangazi, bado linakusumbua kifua? Sisi huku tu wazima, na safari hii nikisema wazima namhesabu na mdogo wangu Neema.

Najua kwenye simu nimekuwa nikikujibu kwa mkato. Kila nikipiga, simu inafunguliwa sauti na majirani wote wa Uvira wanakaa kusikiliza, na kuna mambo ya mwanao ambayo hayafai kusikiwa na jirani kabla yako. Donc nimeyaandika, na mke wa mchungaji wetu, anayekuja huko kuwasalimu wazazi wake, atakukabidhi barua hii mkononi.

Unajua kwamba mwanzoni mwa mwaka Neema alijifungua kule Buffalo, na mtoto akatoka bila uhai. Baadaye Shemeji Bahati alikuambia kwamba mke wake amepata nguvu. Alisema hivyo akikuonea huruma, kwa sababu uko mbali na huna la kufanya. Ukweli ni kwamba Neema alikuwa hainuki kitandani. Hakulia, hakugombana na mtu. Chakula akikipata alikigusa tu, kisha akageukia ukutani.

Shemeji alinipigia simu akiwa ametoka kazini kwenye kiwanda cha kuku. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa.

“Yaya,” akaniambia, kwa heshima ya dada mkubwa, “ku hospitali banasema mwili iko sawa. Ku kanisa banasema ni imani inapunguka, asali sana. Bon, mimi nimupeleke wapi?”

Siku zile nilikuwa na jambo lingine kichwani, nalo lazima nikueleze ili uelewe nilichofanya. Nikitoka kwenye ghala tunakofunga maboksi, jioni nakwenda chuoni. Mwalimu wetu wa falsafa alitaka kila mwanafunzi achague mtu mmoja wa Ulaya ya zamani aliyejulikana kwa kufikiri, ajifunze habari zake, kisha azieleze mbele ya darasa. Wenzangu walikimbilia majina makubwa ya wanaume. Mimi nilichagua mwanamke, kwa sababu mwalimu alitaja kwamba alikulia ukimbizini.

Mama, alikuwa binti wa mfalme. Baba yake alitawala msimu mmoja tu wa baridi, akashindwa vitani, na jamaa yote ikakimbilia Uholanzi. Huko akakua kama sisi tulivyokua kambini, akiishi kwa hisani ya wenyeji, akisikia kila mara habari mbaya za ndugu zake. Lakini alisoma. Alijua lugha nyingi na hesabu ngumu. Akiwa bado msichana akamwandikia Mfaransa mmoja ambaye Ulaya nzima ilimheshimu kwa akili zake. Yule bwana alikuwa akifundisha kwamba roho na mwili ni vitu viwili vilivyo mbali kabisa, roho haina uzito wala umbo. Binti akamuuliza: ikiwa ni hivyo, roho inawezaje kuusukuma mwili? Bwana akajibu. Binti akamrudishia kwa adabu kwamba bado hajaelewa. Wakaendelea kuandikiana miaka mingi, na binti hakukubali kujifanya ameelewa.

Simu ya Shemeji ilipokatika, nilikaa na swali hilo nikaona ni la nyumbani kwetu. Hospitali walikuwa wameshika mwili wa Neema, kanisa likashika roho, na Neema mwenyewe hakuna aliyemshika. Nikaomba ruhusa kazini niende Buffalo nikamchukue. Msimamizi hakufurahi, lakini alinipa.

Basi lilipita Columbus, nikalala kwa Shangazi Mapendo, pale Linden. Unamjua wifi yako. Alinipikia fufu na sombe, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanamke aliyeolewa hatolewi kwa mume wake. Watu watasema umevunja ndoa ya mdogo wako.”

“Shangazi, nitamuuliza mume wake mbele yake,” nikamjibu. “Watu wakisema, waje waniambie mimi.”

Hakunibishia tena. Asubuhi alinifungia kitenge chake kizito nimpelekee Neema.

Buffalo theluji ilikuwa bado imelala kando ya barabara. Neema aliniangalia kama mtu anayeangalia gari linalopita. Nilimwogesha, nikamsuka. Sikumwambia ajikaze, wala sikumhubiria. Nikaanza kumsimulia habari za yule binti wa mfalme: kwamba na yeye aliugua, homa isiyokwisha na kikohozi kikavu, na yule bwana mwenye akili akamwandikia kuwa ugonjwa wake ni huzuni tu.

Mikono yangu ilikuwa bado kwenye nywele zake aliposema, polepole, “Akamushauri nini?”

“Ayafikirie mambo mazuri. Aangalie miti na maua, akili itulie.”

“Na yeye akapona?”

“Alimjibu kwamba anajaribu, lakini kabla hajamaliza kujituliza kwa msiba mmoja, mwingine unafika. Na kwamba mwili wake unaposhikwa na majonzi hauponi upesi kama akili inavyotaka. Tena akasema kuna magonjwa yanayomnyima mtu hata uwezo wa kufikiri. Huyo mtu utamwambiaje atumie akili?”

Neema akanigeukia. Kisha akasema, “Ule mama aliona mambo.” Na hapo, Mama, ndipo alipolia. Alilia akiwa ameegemea magoti yangu, na Shemeji aliyekuwa mlangoni akaja akakaa chini sakafuni pamoja nasi.

Kesho yake Shemeji mwenyewe ndiye aliyesema, “Yaya, enda naye. Mimi nitafuata.” Nilitaka Shangazi asikie maneno hayo, nikampigia simu ayasikie kwa masikio yake.

Hapa Louisville, mtaani kwetu Newburg, nilimpeleka kliniki nyingine. Mkalimani alipoanza kutafsiri kwamba mgonjwa ana huzuni, Neema akamkatiza. Alisema kwa Kiswahili, wazi kabisa: “Mwambie mwili unaniuma na roho inaniuma. Wasinichagulie kimoja.” Daktari wa pale, mwanamke, aliweka kalamu chini. Alimpima damu upya, akapapasa shingo yake, na ikaonekana kuna tezi pale shingoni ambayo baada ya uzazi ilikuwa imelegea. Tezi hiyo ikilegea inamchosha mtu na kumtia giza. Alimpa vidonge, na akampangia pia mama wa kuzungumza naye juu ya mtoto. Vyote viwili. Moyoni nilimshukuru binti wa mfalme.

Haikuwa rahisi. Kuna wiki alirudi kugeukia ukuta. Tukaendelea. Siku yangu ya kuzungumza darasani ilipofika alikuja, akakaa nyuma na kitenge cha Shangazi mabegani. Kijana mmoja aliuliza huyu mwanamke aliandika kitabu gani. Nikasema hakuandika kitabu, aliuliza swali ambalo bwana mkubwa hakuweza kulimaliza, na uzeeni akasimamia nyumba ya watawa wanawake na kuwafungulia mlango watu waliokuwa wakifukuzwa kwa ajili ya imani yao. Mwalimu akasema hilo nalo ni falsafa. Sijui. Ninachojua ni kwamba nitaendelea kusoma somo hili, hata ndugu wakiniuliza litanipeleka wapi.

Shemeji amehamia Louisville. Wamepata apatimenti Highview, na Neema ameanza kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Jumapili iliyopita aliimba kwaya.

Nisalimie Baba mdogo, na mke wake aliyekuuguza. Msalimie kaka yetu mkubwa na wanawe, na yule binamu anayekuchotea maji. Mwambie mama mzaa chema wa Neema, mama yake Bahati, kwamba mwanawe ni mwanaume wa kweli.

Kuna jambo moja Neema ananiomba nikuandikie, maana mwenyewe limemshinda. Mtoto alikuwa wa kike. Walimzika bila jina, na kila mtu akamwambia asahau. Hataki kusahau, na mimi niko upande wake. Anaomba wewe, bibi yake, umpe jina. Ukishalichagua liseme kwenye simu hata kama majirani wapo. Waache wasikie.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Furaha