Gome Lisilo na Mgonjwa

Jumamosi, Michenga. Mawingu yameikalia milima ya Udzungwa tangu alfajiri na mvua bado haijaamua. Mikono yangu inanuka samadi. Nimeiosha mara tatu, na sina hakika kama nataka harufu itoke.

Naandika kwa sababu nimeumiza kitu ambacho si changu.

Nianze na Bibi. Niko kwake tangu Januari, nikiandika dawa zake kwenye daftari. Nilisoma botania chuoni, nikaja hapa nikidhani nakuja kukusanya. Kila wiki ananipunguza kimo. Kivumbasi anakikata asubuhi, jua halijakausha harufu yake, anakitundika mlangoni kufukuza mbu, na bado usiku analala ndani ya chandarua. Anajua ni majani yapi ya mpera ya kumchemshia mtu anayeharisha, na yapi yamekomaa mno. Lakini mtoto akiletwa na homa, hamgusi. Anamwambia mama yake, “Zahanati kwanza, mimi baadaye,” na siku nyingine anawasindikiza mwenyewe hadi barabarani.

Sijawahi kukutana na mwalimu anayejua mwisho wa ujuzi wake kwa utulivu kiasi kile.

Ana desturi moja ambayo sikuiandika. Mbali nyuma ya nyumba, kuelekea mtoni, kuna mwegea, ule mti wa matunda mazito yanayoning’inia kama yamefungwa kwa kamba. Gome lake Bibi hulichemsha kwa watu wenye matatizo ya ngozi. Kabla ya kulibandua, husimama mbele ya mti na kuutajia jina la mgonjwa na mahali panapomsumbua. Kisha hutoa kipande cha upana wa kiganja, upande mmoja tu, hupaka udongo pale alipobandua, na kuondoka. Nilidhani ni sala yake, nikaiacha. Daftari langu lilikuwa na safu tatu: mmea, sehemu, matumizi.

Wiki tatu zilizopita Bibi alikwenda msibani Idete. Nikachukua panga. Nilitaka sampuli za kumpelekea rafiki yangu wa chuo, ambaye sasa yuko maabara. Kwa mvua hizi gome lilitoka kirahisi, na urahisi ule ukanipa tamaa. Nilibandua nikizunguka, nikibandua tena, mpaka gunia likajaa. Nikalificha chini ya kitanda changu.

Nilijisikia mtu wa maana siku ile. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliandika.

Leo asubuhi alikuja Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma mwenye ng’ombe na majaruba mawili ya mpunga. Amesimama majini wiki nzima akipalilia na miguu inamwasha kati ya vidole. Bibi akachukua kisu chake kidogo, tukaenda wote watatu mtini. Nilitembea nyuma yao. Ningeweza kusema kabla hatujafika. Sikusema.

Bibi alifungua kinywa kutaja jina, akakifunga. Akauzunguka mti polepole, kiganja chake kikipita juu ya shina lililobaki tupu. Juu, majani ya tawi la upande wa mto yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Miegea miwili mingine iliyokuwa jirani iliishia kwenye mitumbwi na mkaa. Ulikuwa umebaki huu.

“Nani alikuwa anaumwa hivi?” akaniuliza.

“Hakuna, Bibi. Nilichukua la kuweka tu.”

“Gome lote hili, na hakuna mgonjwa?”

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mama Kulwa akaguna. “Msomi wenu ameuchuna mti kama mbuzi wa Krismasi.”

Nikaanza kulia. Bibi akasema machozi hayazibi kitu, gome lenyewe liko wapi? Nilipoleta gunia nilidhani atalimwaga mbele yangu. Alichagua kipande kimoja, akamkabidhi Mama Kulwa na maelekezo yake, kisha akapiga magoti nyuma ya mti, palipo na kichuguu. Pale gome lilikuwa limesalia, upana wa vidole vinne, kutoka chini hadi juu. Sikuliacha kwa busara. Kichuguu kilizuia panga.

“Hapa ndipo anapopumulia,” Bibi akasema. “Mama Kulwa, tunaomba mavi ya ng’ombe.”

“Ehee! Kila siku ng’ombe wangu wanashitakiwa kwa mtendaji. Leo mavi yao yamekuwa dawa?”

“Mavi hayajawahi kula mpunga wa mtu.”

Walicheka mpaka Mama Kulwa akashika mti asianguke. Mimi sikuthubutu.

Tulichanganya samadi na udongo wa mfinyanzi, tukaupaka mti kote nilikoubandua, tukaufunga kwa khanga kuukuu ya Bibi. Tulipomaliza, Bibi alinisimamisha mbele ya mti.

“Haya, mke mwenzangu. Mtajie mgonjwa.”

Ananiita hivyo akiwa na furaha, kwa utani wa bibi na mjukuu. Leo sikujua ni utani au la.

“Mgonjwa ni mwegea,” nikasema. “Anaumwa kiunoni.”

Mama Kulwa aliangua kicheko. Bibi hakucheka.

“Na aliyemuumiza?”

Nikataja jina langu. Lote, pamoja na la baba yangu, ambaye ni mwanawe.

Tangu hapo nimekaa na daftari mapajani. Nilikuwa naandika dawa za Bibi huku nikiruka kipimo chake. Mgonjwa mmoja, mguu mmoja, kiganja kimoja. Usipokuwa na jina la kutaja, huna sababu ya kutoa kisu. Chuoni hakuna aliyenifundisha kuchukua kwa namna hiyo, na yeye hajawahi kuliita fundisho.

Nimechora safu ya nne. Nimeandika juu yake: kwa nani.

Nimemwandikia pia rafiki yangu kwamba sampuli haziji. Gome lililobaki Bibi amelining’iniza jikoni. Anasema litawasubiri wenyewe.

Kama mti utapona, hajui. Anasema tutauona kiangazi, ukitoa maua au usipotoa. Ni miezi mingi kwa mtu kama mimi, ninayetaka kila kitu kiishe nikiwa nakitazama. Hajasema kama ataendelea kunifundisha. Lakini jioni hii, akipita na ndoo, aliniambia udongo ule ukikauka hupasuka, uloweshwe kila asubuhi. Aliniambia mimi, si mtu mwingine.

Nitakwenda kesho kabla ya chai. Nikifika, nitaanza na shikamoo.