Wageni wa Mombasa kwenye Friza ya Mama Nuh

Jumatano, 16 Aprili 2025

Friza ya maabara imekufa. Tena! Fundi anasema hadi baada ya Pasaka. Dk. Mwangangi, msimamizi wangu, ametuambia kila mwanafunzi abebe vyake, atafute baridi anapojua.

Vyangu ni vichupa sita. Ndani ya kila kimoja kuna kichujio cha duara, rangi ya chai ya maziwa. Maji ya bahari ya Mombasa yalipita hapo asubuhi baada ya mvua ya kwanza, mimi nikiwa kwenye matope hadi magotini, naomba kaa wasinibane. Bakteria wa maji yale wamenasa humo. Nikisoma DNA yao nitajua mvua inamwingiza nani baharini. Mvua kama ile ni mpaka mwakani. Vikiharibika, mwaka mzima umekwenda na maji.

Friji yetu hapa mtaani Tassia haigandishi hata maji ya kunywa. Kesho nimwone Mama Nuh.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama Nuh jina lake ni Luul, ila ploti nzima inamwita kwa jina la mwanawe. Anauza maziwa ya ngamia hapo chini karibu na lango, na ana friza ya nguvu. Amekubali kabla sijamaliza kuomba! Akauliza ni nini. Nikaona uvivu kuanza mambo ya DNA. Nikamwambia ni wageni wangu kutoka Mombasa, viumbe wadogo ajabu. Wako hai? akauliza. Wako hai, nikasema, kwa hivyo tafadhali usiniulie wageni! Tukacheka sana.

Kesho alfajiri mimi na mama tunaenda kwetu, mji wa Wote, kwa Pasaka.

Jumamosi, 19 Aprili — Wote

Kuku. Chapati. Mjomba anauliza kama nasomea udaktari wa samaki. Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Sina nguvu. Naandika tu.

Tumefika, nikaenda kwa Mama Nuh moja kwa moja, begi mgongoni. Nikafungua friza — maziwa, barafu, basi. Vichupa havipo! Yeye anatabasamu. Akanishika mkono hadi rafu ya nyuma, pale anapochachushia maziwa ya ngamia yawe mala. Vichupa vyangu vyote sita viko pale, vimefungwa ndani ya leso safi, vimebanwa kati ya madumu mawili yenye joto.

"Abaayo, dada yangu, baridi ingewaua. Mbegu ya kuchachushia mala ukiiweka kwa friza inakufa. Ile nilipewa na mama yangu ilikufa hivyo Disemba, nikalia kama mtoto. Hawa wako nikawatoa siku ileile."

Alitaka hata kuwapa tone la maziwa, mifuniko ikamshinda.

Siku nne kwenye joto. Nikamwambia asante. Nimekuja kulia bafuni na bomba nimelifungua ili mama asisikie. Nilitamani sana kumkasirikia na nimeshindwa. Aliyesema wako hai ni mimi.

Jumanne, 22 Aprili

Dk. Mwangangi ameguna tu. DNA ikikaa kwenye joto inakatikakatika, na ikiwa vipande vipande mashine haisomi lolote la maana. Imebaki chipu moja tu ya mashine hiyo. Kwa hivyo kesho nipime vichupa kwanza kwenye jeli. Vikiwa vimeharibika vyote, chipu apewe Oketch, mwanafunzi mwenzangu, na udongo wake wa Dandora.

Oketch mwenyewe nimekutana naye kwenye ngazi. "Niaje Ndanu. Pole, aki. Lakini hiyo chip ikibaki, si unajua mimi niko?" Si mtu mbaya. Kila mmoja anataka kumaliza.

Jioni Mama Nuh ameniita langoni. Wageni wazima? Nikasema wamechoka na safari. Uongo gani huo!

Jumatano, 23 Aprili

Jeli. DNA nzima inaonyesha mstari mmoja mkali, iliyokatika inakuwa ukungu tu. Cha kwanza, ukungu. Cha pili, ukungu. Cha tatu — nikaenda kunawa uso. Nikarudi. Ukungu. Cha nne pia. Cha tano… mstari! Hafifu, lakini mstari. Cha sita, mstari!! Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja.

Daktari aliitazama picha ya jeli. Akasema chipu ni yangu. Ila niandike wazi kwenye tasnifu kwamba vilikaa kwenye joto, na kwa nini. Sentensi hiyo moja imenila jioni yote. "Jirani alivitoa." Nikafuta. "Mtafiti alimwambia aliyehifadhi sampuli kwamba ziko hai." Hiyo ndiyo kweli.

Mama anasema nimwambie Mama Nuh mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. Naogopa uso wake.

Jumamosi, 26 Aprili

Maabara hufungwa wikendi na kusoma kunachukua siku mbili, kwa hivyo nimeruhusiwa kuja na mashine nyumbani. Inaingia mfukoni! Imechomekwa kwenye laptop, juu ya meza ya mama. Imeanza saa nane mchana. Masharti ya daktari: isisogezwe, isizimike. Ikizimika katikati, chipu huenda isiamke tena.

Mama Nuh akabisha hodi na chupa ya maziwa. Akaona herufi zinapita kwenye skrini. Ndio hao? Nikamketisha, nikamwambia yote. Kwamba walikufa zamani, kulekule Mombasa. Kwamba sikuhitaji uhai wao, nilihitaji majina tu, na hayo yanatunzwa na baridi. Kwamba nilifanya mzaha pale nilipotakiwa kueleza.

Akaweka chupa ya maziwa chini. Kisha: "Kwa hivyo mimi nilikuwa napasha maiti joto?"

Tulicheka hadi machozi. Halafu akaacha kucheka. Akauliza wangapi wamepotea. Vichupa vinne, nikasema, na ni mdomo wangu uliovipoteza. Jina la bakteria wa kwanza likatokea, Vibrio, na akajaribu kulitamka polepole, kama jina la mtoto wa jirani mpya.

Stima imepotea! Tassia nzima. Betri ya laptop ni kuukuu, haifikishi saa. Mama Nuh ana jenereta chini, lakini waya mrefu wa kuleta umeme ni mmoja, na huo ndio unaolisha friza. Friza imejaa, maziwa ya Isiolo yameshushwa leo asubuhi.

Ametoka mbio bila viatu. Namsikia chini akimfokea mwanawe: chomoa friza, chomoa! Nimemwita dirishani asithubutu. Amejibu bila kuinua kichwa kwamba maziwa yakilala yanakuwa mala, na mala pia anauza.

Yote hayo? Nani atanunua mala yote hayo?

Waya unapanda. Nasikia plagi ikigonga kila ngazi. Betri asilimia 38. Nimesimama mlangoni na daftari mkononi, nasema hapana, Mama Nuh, hapana — na mlango nimeufungua wazi.