Udongo wa Kibanja Chetu

Taata, baba yangu,

Majibu ya upimaji wa udongo wa mji yametoka. Eti udongo wa Bukoba ni salama. Nilipoyasoma nikaikunjakunja karatasi nikaitupa ukutani, Mama akaniuliza nina nini.

Nina hasira, Taata. Kazi ile nilikuwamo tangu mwanzo, nikibeba mifuko ya udongo na kuwaonyesha wataalamu njia. Tulichimba kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule, hadi ufukweni. Kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, hatukuchimba hata kimoja! Mkubwa wetu wa kazi alisema penye kaburi tusiguse, ni heshima, na sisi wenyeji tukaitikia kwa vichwa. Mhaya gani asiyezika kibanjani? Wamepima tunapopita, wakaacha tunapokula.

Na mimi nilinyamaza. Hapo ndipo panaponiuma. Tulipofika kwetu Ijuganyondo niliwapitisha mbali, ingawa nilijua fika kwamba hatua chache kutoka tulipokuzika ndipo ulipokuwa ukivunja betri za magari na kumwaga yale maji makali. Nakumbuka suruali zako zilivyotoboka matundu, Mama akizitia viraka huku akikusema. Ulikuwa ukimjibu, "Udongo hauchagui, unameza kila kitu."

Umemeza nini, Taata? Ile sumu ya madini ya risasi ya betri zako imekwenda wapi? Migomba ya hapo ndiyo inayomlisha Mama mpaka leo, na mwanangu aliyeachishwa ziwa juzi anapondewa ndizi za hapo hapo. Nakupenda, ila kwa hili nimekukasirikia na wewe.

Baba mkubwa hataki kusikia nikimwambia tupime udongo wa hapo. Anasema kaburi halichimbwi mara mbili. Nilimwambia sichimbi kaburi, nachimba chakula chetu. Tangu hapo salamu yangu haitikii.

Mama tumemletea ndizi kutoka Izigo. Amezisusa, anasema hazina ladha ya nyumbani.

Basi kesho asubuhi nakuja na jembe. Nitachimba hatua mbili kutoka miguuni pako, nijaze mfuko, niuandike jina lako, niupeleke maabara kwa mkono wangu. Nakuahidi, majibu yakija, yawe mazuri yawe mabaya, nitayasoma kwa sauti hapo ulipolala, Baba mkubwa akisikia.

Pumzika, Taata. Ukisikia jembe karibu yako usishtuke, ni mimi binti yako.