Kwa Nini Ulikatazwa Kushika Pasi

Nyumbani kwa Mama,
Sebuleni, sakafuni.
14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto je, wazima? Kile kikohozi chako cha asubuhi kimekwisha, au bado unaisingizia baridi? Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima ukiacha magoti, na magoti yenyewe anasema ni mazima ila hayamsikilizi. Shemeji yako yupo, ananenepa. Wapwa zako wanakua na kula, hasa kula.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu wakati simu ninayo. Nimeamriwa. Tena naandika nimekaa chini, mgongo ukutani, karatasi juu ya sinia, kwa sababu kochi halipo, limekwenda kwa fundi. Mama amekaa mbele yangu kwenye kiti cha jikoni, ananiangalia kama msimamizi wa mtihani. Nikisita kidogo anauliza, "Umefika wapi?"

Naanza basi.

Kochi letu unalikumbuka, lile la mahameli ya kijani. Najua unalikumbuka kwa kusikia tu, maana kijani chenyewe hakuna aliyekiona kwa miaka thelathini na moja. Halijatimiza mwezi mmoja ndani ya nyumba, Mama akalivisha kava. Kava la kwanza alilishona moja kwa moja kwa chini, likawa halitoki. Lilipochakaa akashona lingine juu yake, na jingine juu ya hilo, kochi likawa linanenepa kila baada ya miaka michache. Wageni waliambiwa ni kwa sababu ya vumbi.

Majuma matatu yaliyopita Shangazi alikuja kutusalimu. Akavua viatu, akashusha pumzi, akajitupa kwenye kochi kwa uzito wake wote, nao unaujua. Tukasikia ting! Springi ikatoboa makava yote, ikamchoma pale ambapo mtu mzima hawezi kuonyesha. Shangazi aliruka, mdogo wangu. Sikujua kama bado anaweza kuruka.

"Wifi, kochi lako limeniuma!" alisema, akimtazama Mama kana kwamba Mama ndiye aliyelifundisha.

Hakuondoka bila kikao. Alitaka aitwe fundi, kochi livuliwe mpaka mifupa, livishwe nguo mpya. Mume wangu, ambaye hajui wakati wa kunyamaza, akapendekeza litupwe. Mama alimtazama mara moja tu, naye akakumbuka ghafla kwamba gari lake linahitaji maji.

Mama alikataa fundi. Alisema kochi halijachakaa, limechoka tu, na aliyechoka hupumzishwa. Mimi nami nikakataa. Nikasema mafundi wa siku hizi hawaaminiki, sponji za siku hizi ni mikate mitupu, rangi za siku hizi zinachuja. Nilitoa sababu mpaka zikaniishia, nikaanza kuzirudia. Shangazi akatutazama kwa zamu. Mimi na Mama kuwa upande mmoja ni jambo ambalo halijatokea tangu niolewe, akaona hapa kuna namna.

Kulikuwa na namna kweli. Sasa kaa chini nikwambie, maana hapa ndipo penye shughuli.

Kochi lile nililiunguza mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kulikuwa na tafrija shuleni, nami nilikuwa na gauni moja la maana, lenye marinda. Meza ilijaa vyombo, nikaona kochi jipya liko pana, laini, linanikaribisha, nikapiga pasi hapo hapo. Shoga yangu akaniita dirishani, akanipa umbea ambao leo hata siukumbuki. Niliporudi, moshi ulikuwa unapanda taratibu. Nilipoinua pasi, alama yake ilibaki katikati ya kochi, nyeusi, ncha imeelekea mlangoni. Roho iliniruka. Nikatandika juu yake kile kitambaa cha kufuma cha Mama, nikavaa gauni langu, nikaenda kwenye tafrija nikacheza kuliko wote.

Mama aliigundua Jumamosi, alipochukua vitambaa kwenda kufua. Akatuita wote wawili, akauliza swali moja tu: nani amecheza na pasi wiki hii? Nawe kwa kinywa chako ukasema ni wewe. Na ni kweli ulicheza nayo. Ulikuwa na miaka tisa, uliifanya basi, ukaisukuma sakafuni ukipakia abiria wa vifuniko vya soda. Ilikuwa ya baridi kabisa. Lakini Mama hakuuliza zaidi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale kando yako, nikaangalia dari.

Hukuchapwa. Ulipigwa marufuku kushika pasi, basi, na hukuambiwa sababu. Mama alilifunika kochi siku ile ile. Nami, kwa kuwa eti ndiye mkubwa na mwenye akili, nikapewa kazi ya kukunyooshea nguo. Mashati matano kila wiki na suruali zake, miaka na miaka, mpaka ulipoondoka nyumbani. Kila shati nililinyoosha nikijua kwa nini nalinyoosha. Tangu uende huko, kila picha unayotuma umevaa shati kama limetafunwa. Umetuambia mwenyewe kwamba wifi yangu anakuita Bwana Makunyanzi. Tukiongea kwenye simu nacheka na ninyi. Nikikata simu sicheki.

Sasa unaelewa kwa nini sikutaka kochi livuliwe. Niliogopa Mama akiiona ile alama atalifufua lile swali lake, na safari hii mimi ndiye niliye karibu.

Jumanne iliyopita nikapita kumjulia hali. Nilimkuta amezama kwenye kochi, magoti yamekaribia kidevu, redio inatangaza mpira. Mama na mpira wapi na wapi? Alisema anapumzika. Kumbe alikuwa amekwama tangu asubuhi, hawezi kuinuka, na redio hawezi kuifikia. Nikamvuta, akarudi. Nikamvuta tena, tukaanguka wote wawili, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nilipomsimamisha akaniomba nisimwambie Shangazi. Nikaona aibu. Mama yangu anazama kila siku kwa sababu mimi nalinda alama ya pasi. Nikajikaza kisabuni, nikaenda mwenyewe kumwita fundi, bila kumuuliza mtu.

Fundi huyu anaitwa Msumari, kwa sababu huweka vimisumari mdomoni akifanya kazi, na hufanya kazi wakati wote. Kwa hiyo huongei naye, unakisia. "Mm" ni ndiyo, "mm-mm" ni hapana, na "mmmh" ndefu maana yake jiandae. Hagusi kochi kabla hajalikalia. Hukaa kila mahali kwa zamu, amefumba macho, anasikiliza springi. Alikaa kulia, akaguna. Akakaa kushoto, akaguna. Alipokaa katikati ikabidi tumvute.

Mama alibishana naye kidogo mlangoni, kisha akayaangalia magoti yake, akampisha. Shangazi alikuwepo. Hakuna aliyemwita, lakini tangu lini Shangazi akaitwa? Mama alimtuma jikoni kuchemsha chai mara mbili, hakwenda. Hapo nikaanza kushangaa, maana Mama naye alikuwa na wasiwasi kama wangu.

Msumari akachana kava la juu, lile la buluu. Chini yake likatokea la mistari. Chini ya hilo la maua, ulilotapikia asubuhi ya mtihani wako wa mwisho. Miaka ikawa inarudi nyuma mbele ya macho yetu. Alipofika kava la kwanza, lile lililoshonwa, akasimama. Akatema vimisumari kiganjani, akauliza nani alishona hapa, maana anaona mikono miwili.

Ilikuwa kweli. Mshono wa Mama ulikwenda umenyooka vizuri, halafu kukawa na kipande cha urefu wa mkono chenye mishono mikubwa mikubwa, mmoja mashariki, mwingine magharibi. Mama akasema kava lote alilishona yeye. Msumari akasema "mm-mm", ingawa mdomo ulikuwa mtupu.

Akachana. Kijani kile, mdogo wangu! Kilikuwa kizima, kinang'aa, kama kimetoka dukani jana. Na pale katikati hapakuwa na alama ya pasi. Palikuwa na kiraka.

Kiraka cha mahameli ile ile. Msumari akaligeuza kochi, akatuonyesha kwa nyuma, chini kabisa panapotazama ukuta, mahali kipande kilipokatwa. Kilishonwa kwa uzi mweusi wa viatu, mishono ile ile ya kwenda kila upande. Hatukuhitaji kuambiwa. Nani mwingine katika nyumba ile alikuwa hawezi kushona hata kifungo cha shati, akifungia pini mpaka Mama amwone? Marehemu Baba alikuwa akikaa pale katikati kila siku. Lazima alihisi kitu kigumu chini ya kava. Nadhani alifanya kazi yake zile wiki mbili ambazo Mama alikwenda kumuuguza Mama Mdogo. Akafumua, akaona, akatia kiraka, akashona tena, akakaa juu yake.

Msumari akainua ncha ya kiraka. Chini yake, pasi yangu.

Mama alikipapasa kile kiraka. Kisha akatuambia, taratibu, kwamba alilifunika kochi ili Baba asijue mwanawe mdogo ameliunguza, kwa jinsi Baba alivyojivunia lile kochi. Halafu akasema, "Kumbe alijua. Akadhani ni mimi."

Fikiria. Miaka ishirini na mitano, mpaka Baba anafariki, walikaa pamoja juu ya alama ile, kila mmoja akimficha mwenzake, kila mmoja akisingizia vumbi. Mama alisamehewa kosa ambalo si lake, wala hakujua kama amesamehewa. Shangazi, ambaye hana kifua hata kidogo, hata simu hakuishika. Akalia, akapenga kamasi kwenye kava la mistari.

Hapo ningeweza kunyamaza. Wewe uko mbali na umeshazoea. Lakini Mama akaanza, "Maskini yule mtoto, miaka tisa tu, nami nikamnyima..." nikahisi nikiangalia dari tena, dari yenyewe itaniangukia. Nikasema ni mimi.

Mama akaniuliza nina miaka mingapi. Nikasema arobaini na sita. Akafikiri. Akasema basi kuchapa kumeshindikana, umri umetupita yeye na mimi, ila nitamwandikia mdogo wangu, kwa mkono, yote, na siinuki mpaka nimalize. Msumari akasema "mm".

Kuhusu kochi, shauri limekatwa. Springi mpya, sponji mpya ngumu, mahameli mpya ya kijani, na hakuna kava tena. Mama mwenyewe kasema. Kiraka alimwomba Msumari akikate, akampa. Anacho magotini sasa hivi. Anafuata mishono kwa kidole, anacheka peke yake, anasema tazama, mtu mzima na akili zake anashona hivi. Mara moja moja anajifuta macho, najifanya sioni.

Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuacha ubebe kitu changu, nawe hukujua hata kama umebeba. Ukija nitakunyooshea kila shati, mezani.

Shangazi anakusalimu, na amekatazwa kukupigia simu kabla barua hii haijafika, kwa hiyo anateseka. Shemeji yako anakusalimu. Wapwa zako wanauliza utawaletea nini. Mbusu wifi yangu na watoto kwa niaba yetu. Mungu awalinde huko mliko, awape afya na riziki, na atukutanishe tungali tunaweza kuinuka kwenye kochi bila kuvutwa.

Dada yako akupendaye, na aliyeunguza kochi.

Mama kaomba kalamu. Haya ya chini ni yake:

Nimesoma. Yote ni kweli, ila uzito wa Shangazi yako kautia chumvi. Mwanangu, nisamehe na mimi. Niliuliza swali moja, nilipaswa kuuliza mawili. Nunua pasi.